Safari ya kilomita 1,850 na watoto watatu: tulale mara ngapi, na wapi?

Kasia

Wakuu, habari za jioni. Naomba mchango wa wanaojua haya mambo.

Tunapanga safari ya gari binafsi, kilomita 1,850 kwenda tu. Watu wazima ni wawili, wote tunaendesha. Watoto ni watatu: wa miaka 9, wa miaka 5 na wa miezi 8. Gari ni la viti saba, tenki lita 60, na juu tumefunga boksi la mizigo kwa sababu viti vya nyuma vimemaliza buti yote. Njia ni lami ya kupishana, sehemu kubwa mwendo wa 80 hadi 100, tunaelekea magharibi. Kilomita 610 kutoka tunakoanzia kuna jiji kubwa lisilokwepeka.

Ramani ya simu inasema saa 26. Nimefikiria njia mbili:

(a) Kulala mara moja tu, katikati, kwenye kilomita 925. Tunatoka saa 11 alfajiri siku zote mbili.

(b) Kutoka saa 3 usiku ili watoto walale garini, tukeshe barabarani, tupumzike kesho yake mchana.

Ipi ina nafuu? Na vyumba tushike mapema au tutafute tukifika? Kuna mtu pia kaniambia tunaweza kulala humo humo garini kupunguza gharama.

---

Odometa

Mkuu, zote mbili zina shida moja: umepanga kwa kilomita. Kituo cha kulala hupangwa kwa saa ya kufika, kilomita zinafuata baadaye.

Anza na hizo saa 26. Hizo ni saa za gari lisilosimama. Kuna kujaza mafuta, choo, chakula, kubadilisha nepi, yule wa miaka 5 kutaka kukojoa dakika 10 baada ya kusema hataki. Ongeza robo: 26 mara 1.25 ni saa 32 na nusu. 1,850 gawa kwa 32.5 unapata kama kilomita 57 kwa saa. Hiyo ndiyo spidi yako halisi, hata kama mshale unasoma 100. Ukiona hesabu ya mtu mwenye watoto wadogo inasoma 75, ujue hajahesabu choo.

Sasa pima (a). 925 kwa 57 ni saa 16 na robo. Ukitoka saa 11 alfajiri unafika saa 3:15 usiku, gizani, watoto wana njaa, mapokezi wamebaki wawili na chumba ulichoahidiwa kapewa mwingine. Ndani ya hizo, saa 13 ni za usukani hasa. Madereva wa malori na mabasi Ulaya, ambao hiyo ndiyo kazi yao, sheria inawakatia saa 9 kwa siku (mara mbili kwa wiki wanaruhusiwa 10), na lazima wasimame dakika 45 kila baada ya saa 4 na nusu. Wewe si dereva wa lori na nyuma yako kuna mtoto analia.

(b) ndiyo mbaya zaidi. Ukiamka saa 12 asubuhi, ukashinda unafunga mizigo, ikifika saa 5 usiku una saa 17 macho. Watafiti walishapima: mtu aliyekaa macho saa 17 hadi 19 anachelewa kuitikia sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinakuzuia kuendesha. Na usingizi mzito wa mwili uko kati ya saa 8 usiku na saa 12 asubuhi, yaani muda ule ule unaotaka uwe katikati ya safari. Halafu ukifika saa 1 asubuhi, hoteli nyingi haziachii chumba kabla ya saa 8 mchana. Ninyi mmechoka, watoto wamelala usiku kucha na sasa wanataka kucheza.

Kwa gari lako mimi ningeweka siku nne za kuendesha na siku moja ya kukaa katikati. Usiku nne, mbili kati ya hizo sehemu moja.

Jambo la mwisho, mnaelekea magharibi. Saa moja na nusu ya mwisho kabla ya machweo jua linakuwa usoni, chini ya kile kizuia jua, na kioo chenye vumbi kinageuka ukuta mweupe. Kwa hiyo usihesabu machweo kama mwisho wa siku. Mwisho wa siku ni saa 10 jioni. Karibu na ikweta kila kilomita 111 kwenda magharibi jua linachelewa dakika 4, siku ya kilomita 560 unaongezewa kama dakika 20 za mwanga, lakini ni mwanga huo huo wa machoni. Mkirudi mashariki dakika hizo mnanyang'anywa, na shida ya jua inahamia asubuhi.

---

Mama Pacha

Naunga mkono siku nne. Ila hakuna aliyemgusa wa miezi 8, na huyo ndiye anayepanga ratiba.

Kiti cha mtoto cha gari ni cha kusafiria. Akikaa ameinama nusu wima muda mrefu, kichwa kinashuka kifuani na njia ya hewa inabanwa. Ushauri wa kawaida ni kumtoa kila baada ya saa 2, umlaze bapa au umwache atambae, angalau dakika 15 hadi 20. Kwa hiyo vituo vyenu vidogo vishapangwa tayari: kila saa 2, apende dereva asipende. Na dereva naye anahitaji dakika 15 kila saa 2, basi hakuna anayepoteza.

Mkifika, hata kama amelala fofofo, mtoe kwenye kiti. Asimalizie usiku humo. Alale chali kwenye kitu kigumu, bapa, kisicho na mito. Kitanda cha hoteli cha watu wazima ni laini mno na kina nafasi ukutani ya kudumbukia. Mkiulizia chumba msiseme "mna kitanda cha mtoto?" Watajibu ndiyo. Ulizeni kina kingo, na godoro lake limejaa pande zote au linaacha pengo. Pengo la kupitisha vidole viwili linatosha kukataa.

Chumba: kimoja kikubwa au viwili vyenye mlango wa ndani. Vyumba viwili vilivyotazamana kwenye korido maana yake mzazi mmoja huku, mmoja kule, na usiku hampokezani. Kaeni chini, ghorofa ya kwanza ikizidi. Mkiingia, kabla mabegi hayajatua, mtu mzima mmoja azunguke: kufuli la dirisha, mlango wa baraza, waya wa birika la umeme unaoning'inia, na kama kuna bwawa, lina uzio au halina. Ni dakika tatu.

Sasa begi la usiku. Hili ndilo linaloharibu safari za watu na hawajui. Ukipakia kila mtu na begi lake, kila jioni unashusha mabegi matano na kila asubuhi unapandisha matano, hapo saa nzima imekwenda mara mbili. Pakia kwa usiku, si kwa mtu. Begi moja la usiku wa kwanza lina nguo za kulalia za wote, nguo za kesho za wote, miswaki, dawa, nepi 8, chaja zote na taa ndogo ya kuchomeka ukutani. Usiku wa pili begi lingine. Nguo chafu zinarudi kwenye begi la jana. Begi la usiku huo linaingia mwisho kwenye buti, mlango ukifunguka ndilo la kwanza. Boksi la juu halifunguliwi njiani kabisa. Weka humo vitu vya huko mnakokwenda.

Jingine: msifike na kwenda moja kwa moja chumbani. Nusu saa ya kukimbia nje kwanza, hata kama ni kwenye maegesho yaliyo salama. Mtoto aliyekaa saa 9 akifungiwa chumbani atapanda kabati.

Na yule anayekaa nyuma akimbembeleza mdogo asihesabiwe kuwa amepumzika. Mkibadilishana usukani, wa nyuma apewe kwanza kiti cha mbele, dakika 20 za kufumba macho, mkubwa wa miaka 9 ashike zamu ya kuokota vitu vinavyoanguka.

---

Fundi Spana

Kwa upande wa gari nitasema machache, hasa yanayofanywa pale kituoni.

Jaza mafuta jioni unapoingia mjini, siyo asubuhi. Asubuhi kuna foleni, au sheli haijafunguliwa. Piga hesabu upya ya tenki lako: gari linalokwenda kilomita 9 kwa lita likiwa tupu linakupa 540. Ukipakia watu watano, mizigo na boksi juu, linaweza kushuka hadi 7. Boksi peke yake, kwenye mwendo mkubwa, linaweza kula asilimia 10 hadi 25 kwa sababu ya upepo. Hapo una 420, ukiacha robo ya akiba ni 315. Kwa hiyo panga kujaza kila kilomita 300, usisubiri taa iwake.

Ukiegesha, zunguka gari. Sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Zote nne ziwe na joto linalofanana, za mbele zikizidi kidogo. Moja ikiwaka peke yake, breki imeshika au bearingi inakufa, na hilo ni la kushughulikia jioni hiyo hiyo, kabla mafundi hawajafunga. Hii ni sababu nyingine ya kufika saa 10 na siyo saa 2 usiku.

Tandika kipande cha boksi la karatasi chini ya injini. Asubuhi kisome. Tone jeusi au kahawia lenye utelezi ni oili. Kijani, waridi au chungwa ni maji ya rejeta. Nyekundu iliyo karibu na katikati mara nyingi ni ya gia za otomatiki. Maji safi upande wa abiria ni ya kiyoyozi, hayo usiyajali.

Upepo wa tairi pima asubuhi kabla gari halijatembea, kwa geji yako mwenyewe. Tairi lililokimbia siku nzima linasoma psi 4 hadi 6 juu ya ukweli. Watu wanapima jioni, wanaona 40, wanapunguza hadi 35, asubuhi tairi lina 30 na mzigo wote juu yake. Linakunjika pembeni, linachemka, linapasuka. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na mara nyingi kina safu mbili: bila mzigo na mzigo kamili. Fuata ya mzigo kamili. Na tairi la akiba lipimwe pia, maskini hilo halikumbukwi.

Mkanda au boliti za boksi la juu: kaza baada ya kilomita 50 za kwanza, kisha kila asubuhi. Uzito wa juu ya paa magari mengi ni kati ya kilo 50 na 100 pamoja na keria na boksi lenyewe, soma kitabu cha gari. Pima pia urefu wote kutoka chini hadi juu ya boksi, uandike kwenye karatasi uibandike kwenye dashibodi. Maegesho ya chini ya jengo mengi yanaishia mita 1.9 au 2.1, na hakuna anayekumbuka boksi akiwa amechoka.

Mzigo ukizidi nyuma, taa zinatazama juu. Kuna kigurudumu kidogo kushoto au kulia kwa usukani cha kuzishusha. Kioo cha mbele osha jioni, wadudu wakikauka usiku hawatoki kwa waipa.

Kulala ndani ya gari: watu watano hawanyooki humo. Na usije ukawasha injini usiku kwa ajili ya kiyoyozi au joto mkiwa mmelala, hasa sehemu iliyofungwa au ekzosi ikiwa imezibwa na tope au nyasi. Hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, aliyelala haamki.

---

Kituo Cha Akiba

Swali la kushika vyumba halijajibiwa. Wengi watakwambia shika vyote mapema. Mimi sikubaliani. Ukishika vyote bila ruhusa ya kughairi, siku ya pili pancha ikikuchelewesha saa 3 utaendesha gizani kukimbilia chumba ulichokwisha kukilipia. Pesa ndiyo inaendesha gari hapo.

Fanya hivi. Usiku wa kwanza shika na lipia, maana ndio unaojulikana. Kituo cha kukaa siku mbili shika pia, ila uwe na siku ya mwisho ya kughairi na uiandike. Usiku wa mwisho shika kile tu kinachokubali kughairi siku hiyo hiyo. Halafu kwa kila usiku tafuta kituo cha pili kilomita 80 hadi 120 nyuma ya kile cha kwanza. Hukishiki, unachukua namba ya simu tu na kuhakikisha kina chumba cha watu watano.

Kisha mnakuwa na saa ya uamuzi: saa 8 mchana, kila siku, mahali popote mlipo. Simama, angalia kilomita zilizobaki, gawa kwa 57. Jibu likipita saa 2, piga simu kituo cha akiba hapo hapo. Usisubiri saa 11 jioni, wakati huo kila mchelewaji anatafuta chumba na wewe unaamua ukiwa umechoka. Mtu aliyechoka siku zote anaona "bado kidogo tu".

Simu yenyewe iwe na maswali machache. Gari linalala ndani ya geti, na mlinzi anakaa hadi asubuhi? Geti linafungwa saa ngapi na linafunguliwa saa ngapi? (La pili ndilo watu wanasahau, halafu saa 12 asubuhi wanamtafuta mwenye ufunguo.) Chai ya asubuhi inaanza saa ngapi, na kama ni saa 1 na nusu, wanaweza kufungasha jioni? Mkichelewa, chumba kinashikiliwa hadi saa ngapi? Jina la aliyekujibu liandike.

Kuhusu lile jiji: usilale katikati. Ama ulale kabla yake ulivuke kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, ama ulivuke kwanza ulale upande wa kutokea. Ukilala upande wa kuingilia karibu kabisa, asubuhi unaamkia kwenye foleni ya wafanyakazi pamoja nao. Na hoteli isiwe kwenye barabara kuu yenyewe. Malori yanaanza kupiga breki za upepo saa 10 usiku. Mita 300 hadi 500 ndani ya mtaa zinatosha, zaidi ya hapo unaanza kupotea.

---

Kasia

Asanteni sana, nimeandika yote. Mama Pacha, hilo la begi la usiku limenifumbua macho. Rasimu mpya, naomba mnikosoe:

Siku ya 1: kilomita 600, tunalala mwanzoni mwa jiji.
Siku ya 2: kilomita 400, tunakaa usiku mbili.
Siku ya 3: kupumzika.
Siku ya 4: kilomita 500.
Siku ya 5: kilomita 350.

---

Odometa

Jumla imekaa sawa, ila siku ya 1 ni ndefu kuliko zote na ndiyo siku ambayo hamtatoka kwa wakati. Hakuna familia inayotoka saa 12 asubuhi siku ya kwanza: kuna funguo za jirani, kuna gesi ya kufunga, kuna mtu karudi ndani. Weka saa 2 asubuhi. 600 kwa 57 ni saa 10 na nusu, mnafika saa 12 na nusu jioni, na kule mnakoingia ni jiji lenyewe, foleni ya jioni, jua usoni, giza linaingia. Kosa lile lile la mwanzo, limevaa nguo nyingine.

Sogeza hivi:

Siku ya 1: 380. Hata mkitoka saa 3 asubuhi mnafika saa 10 kasoro.
Siku ya 2: 560. Kutoka saa 12 asubuhi kamili. Jiji liko kilomita 230 mbele, mnalikuta saa 4, foleni ya asubuhi imekwisha. Mnafika saa 10 kasoro. Ndiyo siku ndefu, na kesho yake hamuendeshi.
Siku ya 3: kukaa.
Siku ya 4: 540.
Siku ya 5: 370.

Siku ya 2 na ya 4 saa za usukani wenyewe ni kama 8, mkigawana ni nne nne.

---

Fundi Spana

Naongeza moja kwenye siku ya 3. Msiitumie kutembeza gari. Asubuhi likiwa limepoa fungua boneti: oili kwenye kijiti, maji ya rejeta kwenye chupa yake (kifuniko cha rejeta usikifungue likiwa na moto), maji ya waipa. Kama mlibadilisha tairi njiani, nati zilitakiwa kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Mkilisahau hilo, siku hiyo ndiyo nafasi. Mbele yenu kuna 910.

---

Mama Pacha

Na siku hiyo fueni. Begi la usiku wa kwanza linageuka la usiku wa nne. Kasia, kama njia ya siku ya 4 ina milima yenye kona nyingi, angalia iko kilomita ya ngapi. Kona zikija nusu saa baada ya chai, yule wa 5 atatapika. Mpe kidogo kabla ya kuondoka, kilichobaki mfungashie ale mkishamaliza kona, akae katikati anakoona barabara ya mbele, bila kitabu wala simu. Mfuko uwe mkononi mwa wa miaka 9, siyo kwenye buti.

---

Kasia

Kona ziko kilomita 40 baada ya kutoka. Basi tutaondoka bila chai, tusimame kilomita ya 75 ndipo wale. Kituo cha akiba cha siku ya 2 nimekipata, kiko kilomita 95 nyuma, geti wanafungua saa 11 na nusu alfajiri. Urefu na boksi nimepima: mita 2.14.